Wino Usiong'aa Ndani ya Kompyuta: Kutafuta Chanzo Kuanzia kwenye Taa hadi kwenye Mazabodi

Baadhi ya vijana wenye vibanda vya michezo ya kompyuta hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma na Buhongwa, siku hizi huyapamba makasha ya mashine zao kwa wino unaong'aa chini ya taa ya urujuanimno. Huchora mistari kwenye kuta za ndani za kasha, hupaka fremu za feni, huandika jina la kibanda juu ya boksi la pawa saplai, kisha hufunga taa ndogo ndani yake na kuzima taa ya chumba ili mchoro ujitokeze gizani. Kazi hii ikifanywa kwa utulivu hupendeza sana, nami huifanya kwa moyo wote kila ninapompata mteja anayenipa siku tatu badala ya saa tatu.

Ikienda kombo, lalamiko huwa ni lile lile: wino ni feki. Hata hivyo, katika mashine zilizopita mezani kwangu, wino wenyewe ulikuwa na kosa mara chache. Mara nyingi kosa lilikuwa kwenye taa, au kwenye uso uliopakwa, au kwenye kitu kilichokaa kati ya taa na wino bila mwenye mashine kukifikiria. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na taa, na ninamwomba msomaji asikwangue rangi hata kidogo kabla hajaimaliza hatua hiyo, kwa sababu taa hubadilishwa kwa dakika tano, ilhali rangi ikishakwanguliwa kazi inaanza upya.

Inafaa kwanza kuelewa kinachotokea pale wino unapong'aa. Wino huu hauna mwanga wake wenyewe. Chembe zilizomo ndani yake hupokea miale ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni, kisha huirudisha papo hapo ikiwa mwanga wenye urefu mkubwa zaidi wa wimbi, yaani mwanga wa kijani, wa chungwa, wa waridi au wa buluu tunaouona. Mwaka 1852 mwanafizikia George Gabriel Stokes alilieleza jambo hili na kulipa jina la fluoresensi, akilitoa kwenye jina la madini ya fluoriti. Na kimojawapo cha vitu alivyovitumia katika majaribio yake kilikuwa kwinini, dawa ile ile chungu ya malaria ambayo wazee wetu wa kandokando ya ziwa wanaijua vizuri, kwa kuwa ikiyeyushwa katika maji yenye asidi kidogo huwaka rangi ya buluu. Katika utatuzi wote unaofuata tutarudi kwenye mambo mawili: pasipo miale inayofaa hakuna mng'ao, na miale ikikatika mng'ao nao hukatika palepale.

Kabla ya kufungua kasha

Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, na uguse chuma cha kasha kisichopakwa rangi kabla ya kugusa sehemu yoyote ya ndani. Boksi la pawa saplai lisifunguliwe kwa sababu yoyote ya mapambo. Umeme wetu wa volti 230 ukiingia humo hugeuzwa na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa kwa kiasi cha volti 325 hivi, na kapasita hizo zinaweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Boksi hilo lipakwe nje tu, mbali na matundu ya hewa.

Macho nayo yana haki yake. Taa ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 365 huonekana hafifu sana, na uhafifu huo ndio hatari yake, kwa maana jicho halipati sababu ya kufumba ilhali miale inaendelea kuingia. Usiitazame moja kwa moja, wala usiifunge ikiwa imeelekea uso wa anayecheza.

Hakuna kinachong'aa kabisa

Chukua karatasi nyeupe ya kuchapishia, ile ya kawaida inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisini, ukate kipande chenye ukubwa wa kucha, ukiweke juu ya wino wenyewe ndani ya kasha, kisha uwashe taa na kuzima ile ya chumba. Karatasi hii hutiwa kiwandani kemikali za kuongeza weupe, na kemikali hizo hung'aa kwa rangi nyeupe ya kibuluu zikipigwa na miale ya urujuanimno. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga hufanya vivyo hivyo. Angalizo muhimu ni kwamba karatasi iwekwe pale ulipo wino, si karibu na taa, kwa kuwa tunataka kujua kama miale inaufikia wino. Karatasi ikibaki kama ilivyo, tatizo ni taa au njia ya mwanga. Karatasi ikiwaka na wino ukabaki umelala, hapo ndipo tunaweza kuanza kuushuku wino.

Ushahidi wa upande wa pili hupatikana kwa jirani. Paka wino kidogo kwenye kipande cha plastiki nyeupe, kiache kikauke, kisha nenda nacho kwa wakala wa fedha za simu mwenye taa ya kukagulia noti na umwombe sekunde chache. Kikiwaka pale, wino ni mzima na hakuna haja ya kununua mwingine.

Chanzo ninachokutana nacho kuliko vyote kilijitokeza wazi siku kijana mmoja wa Mabatini aliponiletea kasha lake, likiwa limechorwa kwa ustadi hasa, mistari ya kijani ikifuata kingo zote hadi kwenye fremu ya feni ya nyuma.

"Shikamoo, fundi. Ule wino umegoma."

"Marahaba. Hebu liwashe tuone."

Ndani pakawaka zambarau nzuri, iliyokoza. Niliweka kipande changu cha karatasi. Kikawa cha zambarau kama kila kitu kingine, bila ule weupe wa kibuluu. Nikamuuliza kama rangi hiyo aliichagua kwa rimoti, akajibu kwamba ndiyo, kwa rimoti. Hapo jibu lilikuwa limepatikana. Mikanda ya taa inayobadilishwa rangi ina LED za aina tatu, nyekundu, kijani na buluu, na zambarau yake ni nyekundu na buluu zikiwaka pamoja, urujuanimno haumo. Kinachowachanganya watu ni kwamba baadhi ya rangi kali za kijani na chungwa huitikia hata mwanga wa buluu kidogo, kwa hiyo mtu huona kamng'ao hafifu na kudhani kwamba wino ndio dhaifu. Anunue mkanda ulioandikwa urefu wa wimbi, ama nanomita 365, ama 395 hadi 405, na asiridhike na neno zambarau peke yake.

Ikiwa mkanda ni wa urujuanimno kweli lakini hauwaki kabisa, angalia nyaya. Katika plagi za pawa saplai waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, na mweusi ni hasi. Mikanda mingi ya aina hii imepangwa LED tatu tatu kwa mfuatano, na kila moja huhitaji zaidi ya volti 3, kwa hiyo mkanda wa volti 12 uliounganishwa kwenye waya mwekundu hautawaka, au utawaka kwa unyonge usio na maana. Vilevile hakikisha chanya na hasi havijapishana. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mkanda wa volti 5 ukipewa volti 12 huungua, na hauponi.

Mahali ilipofungwa taa pia hudanganya. Wapo wanaoifunga nje ya kasha, wakiielekeza ndani kupitia ubavu wa plastiki angavu, ili waya usisumbue. Plastiki nyingi angavu, hasa polikaboneti, humeza sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno huku zikiruhusu mwanga wa kawaida upite, kwa hiyo macho yanaona kwamba taa inaingia wakati miale yenyewe imebaki nje. Weka taa ndani.

Lipo kosa moja la dukani. Wino unaong'aa chini ya urujuanimno na rangi inayong'aa gizani baada ya kuanikwa kwenye mwanga ni vitu viwili. Ile ya pili, ambayo mara nyingi ina unga wa stronti aluminati, huhifadhi mwanga na kuutoa polepole kwa saa kadhaa. Wa kwanza huzimika mara tu taa inapozimwa. Mtu aliyenunua wa kwanza akitarajia tabia ya ile ya pili atazima taa zote, pamoja na ile ya urujuanimno, na kusema hakuna kitu.

Mwisho katika dalili hii ni wino usioonekana mchana, ule unaokauka ukiwa hauna rangi. Wino wa namna hiyo mara nyingi unahitaji nanomita 365 hasa, na chini ya taa za 395 au 405 huweza kukataa kabisa, ilhali ule wenye rangi kali hata mchana huitikia zote mbili. Ukikutana na hali hii, badilisha taa.

Unang'aa, lakini kwa unyonge

Kwanza tazama rangi ya uso uliopakwa. Makasha mengi ni meusi ndani, na wino wa kung'aa hauzibi; sehemu ya mwanga unaotoka humo hurudi nyuma kuelekea kwenye uso, na uso mweusi huumeza. Paka kwanza rangi nyeupe isiyometa, iache ikauke kabisa, kisha paka wino juu yake mara mbili au tatu kwa tabaka jembamba. Tofauti yake ni kubwa kiasi kwamba siku hizi sikubali kupaka juu ya cheusi hata mteja akisisitiza kwamba ana haraka. Tabaka moja nene halileti matokeo hayo: hukauka juu kabla ya chini, likakunjamana kama ngozi ya maziwa.

Pili, kumbuka kama ulipiga vanishi juu. Hapa wengi hujiharibia kazi iliyokwisha kukamilika. Vanishi za magari na za nje hutengenezwa zikiwa na viambato vya kuzuia urujuanimno, ili rangi ya gari isipauke juani, na ukiipaka juu ya wino wako umeufungia mlango. Jaribu kwenye kipande cha plastiki: paka wino, funika nusu kwa vanishi, iache ikauke, uangalie chini ya taa. Nusu iliyofunikwa ikiwa imefifia, hiyo vanishi haifai, na kama imeshapigwa kwenye kasha hakuna njia ya mkato isipokuwa kuikwangua kwa msasa laini na kupaka wino upya.

Umbali una hesabu yake. Ukitumia balbu moja ndogo, ukizidisha umbali mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo; mkanda mrefu hauadhibu kiasi hicho, na ndiyo sababu naupendelea, nikiuzungusha kwenye kingo za ndani za kasha ili kila mchoro uwe na taa karibu nayo. Taa za 395 na 405 zina kasoro nyingine, kwamba hutoa pia mwanga wa zambarau unaoonekana, na zambarau hiyo ikilitapakaa kasha lote huufunika mng'ao wa wino, hasa wa buluu. Hapo si kwamba wino ni hafifu, bali umezidiwa. Geuza taa iangalie ukuta wa kasha badala ya kuangalia nje, au hamia 365.

Kwa wanaotaka picha ya simu, kamera huishika zambarau hiyo kwa nguvu kuliko jicho, na picha hutoka ya zambarau tupu hata pale ambapo kazi ni nzuri. Kipande cha plastiki ya njano mbele ya lenzi husaidia.

Uling'aa wiki za mwanzo, kisha ukapauka

Mwenye kibanda mmoja alinirudishia mashine baada ya miezi michache, mistari ya chungwa ikiwa imekwisha nguvu kabisa. Nilipokata tai ya plastiki iliyofunga nyaya juu ya mmoja wa mistari hiyo, chini yake palibaki kipande chenye upana wa milimita nne hivi, kikiwaka kama siku ya kwanza, na kwa pande zote mbili mstari ulikuwa umepauka kama kitenge kilichosahauliwa kambani. Kipande hicho kilikuwa ni ushahidi wote niliouhitaji, kwa kuwa wino ulikuwa ule ule, uliopakwa siku ile ile, na tofauti yake ilikuwa ni mwanga tu.

Miale inayoufanya wino ung'ae ndiyo pia inayozivunja molekuli zake kidogo kidogo. Jua hufanya kazi hiyo haraka zaidi kuliko taa yoyote ndogo, na kasha lile lilikuwa limewekwa chini ya dirisha linalotazama ziwa, ambapo jua la alasiri huingia moja kwa moja mpaka linapotua. Wino wa kalamu za kupigia alama maandishi, zile tunazoziita hailaita, hupauka upesi, kwa maana ni rangi iliyoyeyushwa katika maji, isiyo na kinga. Rangi za akriliki zenye unga wa fluoresensi uliofungwa ndani ya chembe za plastiki huvumilia muda mrefu zaidi, ingawa nazo hazidumu milele.

Kwa hiyo lihamishe kasha mbali na dirisha, na uiwekee taa swichi yake peke yake, ili iwake wakati wa mchezo tu na si saa zote ambazo mashine iko hewani. Mstari uliokwisha kupauka haufufuki. Safisha, kisha paka juu yake. Kabla ya hapo, hata hivyo, futa vumbi kwenye taa na ulinganishe na taa mpya kwa kile kipande cha karatasi, kwa sababu LED nazo huzeeka, na ukipaka wino mpya chini ya taa iliyochoka utakuwa umefanya kazi mara mbili bure. Joto pia huchangia: wino uliopakwa juu ya kipoza joto hukaa kwenye nyuzi 60 na zaidi kwa saa nyingi, na huko hupauka na kupasuka kabla ya sehemu nyingine zote.

Unabanduka, unatiririka, au haukauki

Mafuta ya vidole ndiyo mshukiwa wa kwanza. Uso usafishwe kwa alkoholi, ukwaruzwe kwa msasa laini wa namba 400 hadi 600 mpaka umeto uishe, ufutwe tena, na baada ya hapo usiguswe kwa mkono mtupu.

Mshukiwa wa pili ni hewa yetu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na tena mvua za vuli zinapoanza, hewa ya kandokando ya ziwa hujaa unyevu, na rangi ya maji inayokauka kwa nusu saa mwezi wa Julai huweza kuchukua nusu siku. Ukipaka tabaka la pili juu ya lile lisilokauka, yote mawili huja na kidole. Subiri saa 24 kabla ya kurudisha vifaa ndani ya kasha, na zaidi ya hapo ikiwa mvua inanyesha. Usiharakishe kwa kuanika juani, kwa sababu tuliyoiona hapo juu.

Wino wa hailaita wenyewe umetengenezwa usikauke upesi, ili ncha ya kalamu isife. Una viambato vinavyoshika maji, na juu ya chuma au plastiki laini hubaki ukinata na kujikusanya matone. Kwa karatasi unafaa. Kwa kasha, sitaushauri.

Mashine haiwaki, au inajizima, tangu ilipopakwa

Hapa acha mapambo yote na usiiwashe tena. Kila jaribio la kuwasha mashine yenye wino mbichi kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, linaweza kugeuza tatizo la kusafisha kuwa tatizo la kununua.

Nililetewa mashine ambayo mwenyewe alikuwa amefuatisha njia za shaba za mazabodi kwa brashi nyembamba, akitaka ubao wote uonekane kama ramani ya mji usiku. Wazo lilikuwa zuri, na mkono wake ulikuwa imara, lakini karibu na nafasi za RAM, yaani kadi za kumbukumbu ya muda, brashi ilikuwa imelowa kupita kiasi. Nilipochomoa kadi ya kwanza ya RAM na kuiinamisha chini ya taa ya urujuanimno, meno matatu ya dhahabu yalikuwa yakiwaka kijani. Ndani ya nafasi yenyewe tone lilikuwa limeteremka hadi chini, likakaa kati ya miguu ya shaba. Kwa taa ya kawaida nisingeliona kamwe. Hii ni faida ambayo taa yenyewe inatupa: wino ulioingia pasipotakiwa hujitangaza. Hata viwandani, laka ya kukinga mbao za elektroniki mara nyingi hutiwa kiambato kinachong'aa, ili mkaguzi aone kwa taa kama hii mahali ilipofika na mahali iliporuka.

Ondoa betri ndogo ya mazabodi, RAM, na kadi ya picha. Tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kusafishia vidonda ina maji mengi na haifai hapa. Meno ya kadi yafutwe kwa pamba ya kijiti, na nafasi zisafishwe kwa brashi laini ya meno iliyolowanishwa, huku ubao ukiwa umesimamishwa wima ili uchafu ushuke badala ya kutuama. Angalia kwa taa, safisha tena, angalia tena, mpaka kijani kiishe. Acha ikauke saa kadhaa mahali penye upepo. Mashine ile iliwaka siku ya pili, nami nilimshauri mwenyewe ahamishie ramani yake kwenye bamba jembamba la plastiki lililokatwa kufuata umbo la ubao na kufungwa kando yake, pasipogusana na kitu.

Msomaji atakayeamua hata hivyo kupaka juu ya mazabodi aupime wino wake kwanza. Chora mstari wa sentimita moja kwenye plastiki, uache ukauke siku nzima, kisha weka ncha za mita ya kupimia umeme miishoni mwake, ikiwa kwenye kipimo cha juu kabisa cha ukinzani. Mita ionyeshe kwamba hapapiti kitu. Rudia kipimo hicho asubuhi moja ya mvua, kwa sababu wino uliokauka huweza kunyonya unyevu na kuanza kupitisha umeme kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuyumbisha mashine bila kuiua, ikawa inajizima leo na kuwa nzima kesho. Wino wenye chembe za metali za kumetameta usikaribie mazabodi hata kama mita imeuruhusu.

Ikiwa mashine inawaka vizuri lakini inajizima baada ya dakika kumi au ishirini za mchezo, mara nyingi tatizo si wino kupitisha umeme bali ni joto. Tazama kama mapezi ya kipoza joto yamepakwa, au matundu ya hewa yamezibwa na rangi. Rangi ni blanketi juu ya chuma. Na kama kuna mngurumo mpya, zungusha feni kwa kidole: panga zilizopakwa kwa uzito usiolingana huyumba, zikala beringi zake. Safisha panga zote, kisha paka fremu peke yake.

Vinang'aa vitu ambavyo hukuvipaka

Nyuzi ndogo nyeupe zinazowaka kila mahali ni vumbi la nguo, lenye masalia ya sabuni ile ile inayong'arisha mashati. Mabaka ya kimanjano karibu na miguu ya vifaa huenda ni masalia ya dawa ya kulehemu. Vyote havidhuru mng'ao, ila vumbi huchafua mchoro. Lipulizie nje kabla ya kila maonyesho.

Wadudu wamejaa ndani ya kasha

Dalili hii huwezi kuikuta katika miongozo iliyoandikwa mbali na ziwa. Wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi mweusi, huvutwa sana na mwanga, na urujuanimno huwavuta kuliko mwanga wa kawaida. Huzidi siku za kiza, karibu na mwezi kuandama, yaani usiku ule ule ambao wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao, kwa kuwa dagaa nao hufuata mwanga pale mwezi usipokuwepo. Mashine yenye taa ya urujuanimno, iliyowekwa karibu na dirisha lililo wazi huko Kirumba au Capri Point, huwaita wadudu hao, na feni huwavuta ndani. Asubuhi utakuta mapezi ya kipoza joto yamezibwa na kitu kama majani ya chai yaliyolowa, nyuzi za joto zimepanda, na mistari yako imefunikwa madoadoa.

Wasisuguliwe wakiwa wabichi, kwani miili yao hupondeka na kuacha mafuta juu ya wino. Acha wakauke, uwapulize kwa hewa, kisha ufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Alkoholi usiitumie juu ya mchoro, maana huyeyusha rangi nyingi za akriliki. Funga wavu mwembamba mbele ya feni zinazoingiza hewa, uufue kila wiki katika majira yao, na usiku wa kiza wingu lao linapoonekana juu ya maji, zima taa ya kasha kwa ile swichi yake na ufunge dirisha kabla hujawasha mashine.